Volti Nne

Boti ya Bwana Muwanguzi ina viti vya ngozi nyeupe,
ina redio, ina friji ndogo ya soda,
ina jina ubavuni kwa rangi ya dhahabu: *Starehe*.
Leo Jumamosi, hapa Masese, Jinja,
ina kila kitu isipokuwa kuwaka.

Ta, inasema stata. Ta. Kisha kimya.
Wageni wamekaa gatini na jaketi zao za uokozi,
mishikaki inapoa ndani ya gazeti,
magugu maji yanasogea taratibu kuja kutazama.

"Ni betri," anasema mwenye mali.
Amesema hivyo tangu Pasaka, na amenunua tatu.
"Tena haya ni maji baridi, fundi Kagoya.
Hayana chumvi. Kutu itoke wapi?"

Kutu haidai chumvi, ssebo.
Hudai unyevu, na mtu mwenye haraka.

Naingia chini ya sakafu kwa tumbo,
tochi mdomoni, pua ndani ya petroli na maji yaliyolala.
Sikati kitu. Anayeanza kwa kukata humaliza kwa kununua.
Naanza kwa kuuliza.
Betri: kumi na mbili nukta saba. Imeshiba.
Fyuzi kuu: nzima.
Ile kamba nyekundu ya usalama, ya kiunoni mwa nahodha:
imekaa mahali pake.
"Washa!"
Taa za dashibodi zinasinzia
kama mtoto kwenye sala ndefu ya chakula.

Umeme ni safari ya kwenda na kurudi,
na watu wote hutazama kwenda.
Waya mwekundu wanaufuta, wanaupaka grisi;
mweusi, unaorudisha, hakuna anayeukumbuka.

Ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri,
ya pili kwenye chuma kitupu cha injini.
"Washa tena!"
Waya mzima ungesoma karibu na sifuri.
Huu umesoma nne.
Volti nne zinaishia njiani,
zinapasha moto kitu nisichokiona.

Naufuata kwa vidole hadi nyuma ya tangi,
hadi palipo na vuguvugu.
Kiungo.
Utepe mweusi, umezungushwa mara saba,
ukakazwa kwa uzi wa nailoni, fundo la kukunja mara mbili.

Namjua aliyefunga fundo hilo.
Ndivyo anavyomfunga mwanawe viatu.

Desemba ya mwaka juzi: betri ilihamishwa mbele,
kebo ikawa fupi, duka limefungwa,
Krismasi inapiga honi barabarani.
Nikasokota nyaya kwa mkono. Nikasema, nitarudi.

Chini ya utepe, shaba imekuwa unga wa kijani.

Na Wambuzi je?
Kijana aliyeilinda boti hii, akafukuzwa mwezi wa sita
kwa kosa la kumaliza betri: "Analala humo na redio usiku kucha."
Aliapa kwa mama yake. Nilikuwapo, nikinywa chai.
Sikusema neno, na chai nikaimaliza.

Nakata mpaka shaba inayong'aa, kisha naiacha yote.
Kebo mpya, ndefu, isiyo na kiungo; vichwa vilivyobanwa kwa koleo,
mpira uliosinyazwa kwa moto.
"Washa."
Nukta mbili.
Injini inanguruma, wageni wanashangilia, minandi inaruka.

"Ilikuwa nini?" Mkono wake uko mfukoni, kwenye pesa.
Ningeweza kujibu: kutu. Wala si uongo.
Naweka utepe wangu kiganjani mwake.
"Kazi yangu. Leo hunilipi.
Lakini yule Wambuzi, ssebo..."

Anautazama utepe. Anatazama saa. Wageni wanamwita.
"Tutaongea Jumatatu."
*Starehe* inapasua maji, inapungua, inakuwa sauti tu.

Wambuzi siku hizi huchoma mahindi njia ya Amber Court.
Nafika na grisi mikononi, kipande cha waya mfukoni.
Anapepea makaa. Hainui uso.
Sijui nianzie wapi, basi naanza kwa kuuliza:
"Hindi moja bei gani?"